Turubai Lililolowa Haliguswi

Tarehe 9 Februari

Mwanangu Mpima Mito,

Salamu nyingi. Mimi mzima, meno yamebaki sita lakini yanatafuna kuliko thelathini ya vijana. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, Kinyozi wa hapa mbele alitaka kuniandikia nikamfukuza. Shule niliacha darasa la tatu na mwalimu alisikitika, maana nilikuwa nimemshonea mkoba na mpaka anastaafu hakupata mwingine kama ule. Habari ya simu usiniulize tena. Tangu mwaka juzi sitaki kile kidude sikioni.

Sasa gari. Umekaa nalo mwezi mzima na nasikia hujainua paa lake. Vizuri, usiliinue mpaka umalize kusoma hapa. Lile gari la kulala si la mchezo. Lilitoka kiwandani na paa la kuinuka lililozungushiwa kitambaa cha plastiki, nikakichana nikakitupa. Nikashona turubai la pamba, zito, mishono ya kukunja mara mbili. Nusu ya kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, cherehani ilikichukua kwenye kona ya nyuma, na sikusimama mpaka kona imekwisha. Miaka kumi na tisa halijapitisha tone. Ulizia.

Lakini turubai ni kama ngozi ya mtu, linataka kupakwa. Limekaa bandani miaka miwili bila kupakwa kitu. Nakuletea kopo la dawa ya kuzuia maji, nimeipika mwenyewe, usiinuse kwa karibu. Inua paa mahali peupe palipo na jua, turubai lijinyooshe. Lipanguse kwa brashi laini na maji matupu. Liache likauke siku mbili. Kisha paka, juu kwenda chini, mara mbili. Upande wa kushoto, kule mchagoni mwa kitanda cha juu, panapolazwa kichwa, paka mara tano. Nje na ndani.

Na mvua ikikukuta umelala humo, usiguse turubai. La pamba likiwa limelowa haliguswi. Ukiweka hata kidole kwa ndani, maji yanapata njia hapo, na yakishaipata hayaisahau.

Mimi baba yako,
Fundi wa mafundi wa maturubai

*

Tarehe 17 Februari

Baba, shikamoo.

Kopo limefika, na basi zima lilijua limefika. Kondakta alinikabidhi akiwa amefunga pua.

Nakushukuru, ila nimekutangulia. Kabla barua yako haijanifikia nilikuwa nimeshainua paa. Baba, ukungu ulikuwa umelitia madoa kama chui. Nikaona nisikusumbue, nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikasugua siku nzima mpaka mabega yakaniuma. Sasa ni jeupe kama shuka la hoteli.

Ujue kwa nini nina haraka. Tarehe ishirini Machi naingia barabarani, vituo kumi na kimoja vya mto, mpaka mvua ziishe. Nitalala humo, nitapikia humo, na madaftari ya vipimo yatakaa humo. Aliyenitangulia kwenye kazi hii hema lake lilimvujia, madaftari yakageuka uji, na Mkuu wa idara akampa nauli ya kurudi kwao. Mimi kaniambia mbele ya watu, "Ukiniletea karatasi mbichi, binti, na wewe usirudi." Nimeisubiri nafasi hii miaka sita.

Swali moja. Mbona mchagoni mara tano? Na mbona ndani? Nilikuwa na miaka tisa nikikushikia kopo, ukanipiga kofi la mkono kwa sababu niligusisha brashi ndani. Ulisema ndani hapapakwi, harufu yake inamkaba mtu usingizini.

Mwanao,
Mpima Mito

*

Tarehe 25 Februari

Mwanangu,

Sabuni ya unga. Nimesoma mara tatu nikidhani ni macho. Nimekulea kwenye duka la maturubai, ukajifunza kutambaa juu ya maturubai, halafu unaliosha kama soksi.

Sikiliza. Sabuni imeondoa dawa yote ya zamani, na sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi inavuta maji, inayaita. Suuza kwa maji matupu. Povu likitoka, suuza tena. Mara nne, mara tano, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mimi niliwahi kuokoa hema la watu mia mbili lililooshwa na mjinga mmoja kwa sabuni, na harusi ikafanyika chini yake, mvua inanyesha, bibi harusi hakulowa hata ukope. Basi na lako litapona. Ila ni kazi.

Habari ya mchagoni usiniulize. Nimesema tano, ni tano. Wewe unapima maji mimi nayazuia, nani anajua zaidi? Ndani jifunge kitambaa puani, fungua milango, paka.

Usingoje mvua ya kwanza. Paka kabla.

Baba yako,
ambaye hajawahi kuvujisha

*

Tarehe 6 Machi

Baba, shikamoo.

Nimesuuza mara sita. Juzi lilikuwa linakauka, kopo nimeshalifungua, brashi mkononi, mvua ikashuka mchana kweupe bila hata wingu la kuniaga. Nikaingia ndani kulitazama turubai lako likifanya kazi likiwa tupu, bila dawa.

Umetengeneza kitu, Baba. Lilitoa jasho kote lakini halikudondosha. Isipokuwa sehemu moja. Kushoto, mchagoni.

Kwanza yalikuja matone matano madogo, yamejipanga kwa upinde. Kisha chini yake pakalowa papana zaidi. Nikasogeza uso. Ni kiganja, Baba. Vidole vitano vimetanuka, na maji yanapita humo tu, pembeni mwake hayapiti. Nikauweka mkono wangu karibu, bila kugusa, nimekumbuka agizo lako. Ni kidogo kuliko changu.

Na kilikuwa kinanukia kafuri. Yale mafuta ya Mama ya kifuani, ya kile kikopo cha kijani.

Nilishuka nikakaa kwenye kiti cha dereva mpaka mvua ikakatika. Unanijua, mimi si mtu wa kuogopa, nimevuka mito iliyofurika nikiwa nimejifunga kamba kiunoni. Lakini nilikaa kule mbele nikaweka redio kwa sauti.

Je, Mama aliwahi kulala humu alipokuwa anaumwa? Wewe ulisema alikwenda hospitali na teksi ya shemeji yake Kinyozi, akafia wodini, umemshika mkono. Nasubiri jibu kabla ya kupaka.

Mwanao

*

Tarehe 13 Machi

Wewe binti,

Ni ukungu. Ukungu unaota maumbo ya kila namna. Mimi niliwahi kuona turubai la lori lenye ukungu unaofanana na mwenye lori, mpaka na kipara, na hakuna aliyekimbia.

Na kafuri ni kafuri. Mama yako alikuwa anaipaka hata paka. Nguo zangu zote zinanukia mpaka leo.

Unasubiri jibu gani? Mvua hazisubiri. Paka hiyo dawa. Kama hukupaka ukavujiwa ukafukuzwa kazi, usiseme ni turubai la baba. Nimekwambia mara tano, kama unaona hazitoshi paka kumi. Paka mpaka pasionekane.

Habari ya wodini nilishakwambia. Sirudii rudii maneno kama kasuku.

Fundi

*

Tarehe 20 Machi

Baba,

Leo ndiyo nilipaswa kuondoka. Mkuu amenipa siku nne, nimemwambia breki. Sijawahi kumdanganya.

Jana mvua kubwa imenyesha tena, turubai zima limelowa na kuwa jeusi. Nikatoka nje na mwavuli nikalitazame kwa upande wa pili. Pale pale, juu ya kile kiganja, kwa nje, kuna kingine. Hiki hakikulowa. Turubai lote jeusi, chenyewe kimebaki cheupe, kikavu, maji yanateleza juu yake, na bado kwa ndani yanapita. Nimekikwaruza kwa kucha. Ni nta, ile nta yako ya mishono. Sabuni yangu ilitoa kila kitu ikashindwa kuitoa.

Ni kiganja kikubwa, cha kulia. Kidole cha shahada ni nusu.

Sasa nikwambie na mimi jambo ambalo nimelikalia miaka miwili. Alasiri ile uliponipigia kuniambia Mama hatunaye, ulisema uko wodini, kando ya kitanda. Lakini nyuma ya sauti yako nilisikia mvua. Siyo ya bati, siyo ya vigae. Nimekulia chini ya lile turubai, kila likizo, na ninaijua ngoma yake. Nilijua hauko wodini. Nilinyamaza kwa kuwa wewe ulikuwa unalia, na sikuwahi kukusikia ukilia.

Sipaki hata tone mpaka uniambie. Na nisipoondoka tarehe ishirini na nne, kazi imekwenda.

Mwanao

*

Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Barua hii anakuletea dereva wa basi mkononi, nimemwambia asilale nayo. Ukishaisoma nenda kazini.

Asubuhi ile Kinyozi alileta teksi ya shemeji yake mpaka mlangoni, injini inanguruma. Mimi nikairudisha. Nilisema mgonjwa wangu hakunji magoti kwenye teksi wakati nina gari lenye kitanda. Nilisema hivyo na watu wanasikia, na nilipenda walivyosikia. Mama yako alitaka teksi. Hakubishana. Alinitazama tu, unamjua alivyokuwa akitazama.

Tulipofika kwenye daraja la chini maji yalikuwa yanapita juu yake. Mbele yetu lori na basi. Magari madogo yakageuza kwenda barabara ya kuzunguka. Mimi nikasema maji haya nayajua, ndani ya saa moja yatashuka, wacha wao wazunguke kama nzi. Mama yako akasema kifua kinambana, anataka kitanda cha juu kwenye hewa. Nikainua paa, nikampandisha. Mawingu yalikuwa yameshakaa, nikasugua mishono kwa nta haraka haraka, mikono yangu ikawa nta tupu. Akajipaka mafuta yake, akalala. Mvua ikaja.

Nilitoka nje na mwavuli kutazama maji. Dereva wa lori akaniuliza hiki kitambaa umenunua wapi. Hapo ndipo nilipopotelea. Nikaanza kumwonyesha. Watu wakashuka kwenye basi wakaja. Nikawaonyesha tone linavyoteleza, nikawaonyesha kona, nikawaonyesha na kidole.

Nikauona mkono wake. Unasukuma turubai kutoka ndani, vidole vyote vimetanuka. Watu wakauona pia. Mimi nilijua sheria moja tu, ya turubai. Nikapiga pale pale kwa kiganja, kwa nguvu, nikasema, "Toa mkono, mama we, utanivujishia." Dereva wa lori akacheka. Na mimi nikacheka.

Mkono ulibaki kidogo. Halafu ukateremka, taratibu, ukiburuta kitambaa.

Nikamalizia hadithi yangu ya ile kona. Hiyo ndiyo inayoniua, mwanangu. Niliimalizia.

Nilipoingia nilikuwa nataka kumwonyesha palivyo pakavu. Palikuwa pakavu kote isipokuwa pale. Tone lilikuwa linamdondokea shavuni, na hakuwa analipangusa. Hakuwa na pumzi ya kuniita, akaniita kwa mkono, na mimi nikaupiga.

Nilikupigia simu nikiwa nimekaa chini ya kile kitanda. Nikasema wodini. Sikuweza kusema pengine. Simu nikaitupa mtoni palepale, na gari nikalifunga bandani, paa chini, turubai bichi vile vile. Fundi hafungi turubai bichi. Nililifunga.

Nilikupa gari nikidhani wewe utapaka na mambo yatakwisha. Sikujua na mkono wangu uko pale.

Baba yako

*

Tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Sijapata neno lako. Kinyozi amesema huenda barabara zimekatika. Kinyozi ni mtu mwema, nimemwambia ukweli wa ile teksi, akaniosha kichwa akaninyoa bila kuniuliza nataka mtindo gani.

Huku mvua haikatiki. Ikinyesha nakaa chini ya mabati ya duka, na kila turubai lililotundikwa mbele nalitazama kama kuna kitu kinasukuma kwa ndani. Jana mteja alileta la lori lake nilitie viraka. Nimemrudisha. Nimesema macho, lakini macho yangu ni mazima.

Kama umepaka pale pote ni haki yako. Kama umeuza gari ni haki yako. Niambie moja tu, uko mahali pakavu?

Baba

*

Tarehe 11 Mei

Baba, shikamoo.

Niko mahali pakavu. Madaftari saba yamejaa na hakuna hata wino uliochuruzika. Niliondoka ile ile tarehe ishirini na nne, saa mbili kabla Mkuu hajampigia mtu mwingine.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza yalikuja matusi, na wewe ni baba yangu. Kurasa nyingi nimechana. Hii naona haitachanwa.

Nimepaka dawa yako mara mbili, nje tu, kama ulivyonifundisha nikiwa na miaka tisa. Mchagoni nilikata karatasi kwa umbo la viganja vile viwili, nikaibandika, nikapaka pembeni yake, kisha nikaibandua. Havikuguswa. Mvua ikinyesha Mama anadondosha, mimi nakinga kikombe chini yake. Mwanzo nilikuwa nakaa kule mbele na redio. Sasa nalala hapo hapo, kichwa upande wa pili. Juzi sikusikia kafuri nikaamka kuitafuta.

Kituo cha saba ni daraja lile la chini. Niko hapo sasa. Nguzo ya vipimo imesimama hatua ishirini kutoka mahali mlipokuwa mmeegesha. Wenzangu waliotangulia wameandika kimo cha maji kila siku, nami nimefungua daftari la mwaka juzi, siku ile. Uliwaambia watu yangeshuka ndani ya saa moja. Yalishuka siku ya tatu. Nikafungua na la barabara ya kuzunguka. Daraja la kule lilizama saa sita mchana. Wale waliogeuza hawakufika popote, na teksi ya shemeji yake Kinyozi nayo isingefika. Nakuandikia hili kwa kuwa ni kweli na limo kwenye daftari, siyo kwa kukupoza.

Lakini mkono ule ungeweza kuushika. Hilo halimo kwenye daftari lolote, na sijui nilipime kwa kipimo gani.

Siwezi kumalizana nawe kwa barua, Baba. Wewe barua unazijaza mbwembwe hata ukiwa unakufa. Nitakuwa hapa mpaka mwisho wa mwezi, na mvua bado zipo. Njoo. Kitanda ni cha watu wawili, ulikishona wewe. Ukitaka kuja na sindano kuliziba tundu, usije.

Mwanao,
Mpima Mito

*

Tarehe 18 Mei

Mwanangu,

Nakuja na basi la Alhamisi. Kinyozi ataangalia duka, nimempa funguo. Sindano nimeacha. Nta nimeacha. Nimebeba shuka, na kile kikopo cha kijani, kilikuwa kwenye kabati chini ya nguo zake, kimebaki nusu.

Nina ombi moja na sina la pili. Nikifika, mvua ikianza, niache nipande juu peke yangu, nilale mchagoni kwake. Wewe toka nje na mwavuli usimame pale niliposimama. Nitakaa kimya, nitajaribu, na wewe unajua kwangu si jambo jepesi. Halafu utaona mkono unasukuma turubai kwa ndani, una kidole nusu.

Najua haliguswi. Nakuomba usinipigie kelele nitoe mkono.

Uguse na wewe, kwa nje, mahali hapo hapo. Halafu ushikilie.

Baba yako